Nyumba ya Mkwe wa Mama

Mimi si mtu wa maneno. Darasani nikiulizwa swali, jibu nakuwa nalijua, lakini nasimama tu mpaka mwalimu anachoka, anasema kaa. Ndiyo maana naandika. Naandika kwenye kaunta buku, nyuma ya noti za Baiolojia, na haya ya leo ni ya chumba tulichokaa Nyakato, hapa Musoma. Tulikipata kwa shida, tukakipoteza kwa sababu siku moja, siku moja tu, niliongea.

Tulitoka Bunda mwezi wa kwanza, mimi na mama na cherehani. Baba alishahamia kwa mke mwingine zamani, hilo silo la hapa. Mama anashona sare za shule. Kibaraza alichokuwa anashonea Bunda kilibomolewa, akakaa miezi miwili anashonea chumbani wateja wakipungua mmoja mmoja, mpaka rafiki yake wa kanisani aliyeolewa Musoma akamwambia njoo huku, shule ni nyingi, mafundi wachache. Nikapata uhamisho, kidato cha tatu, shule ya kutwa. Tukafikia kwa huyo rafiki, Buhare. Tulilala sebuleni kwenye godoro ambalo asubuhi tulilisimamisha nyuma ya kochi kabla mume wake hajatoka kunywa chai.

Wiki ya kwanza walitupenda. Ya pili wakaanza kuuliza, "Vipi, chumba bado?" Ya tatu wakaacha kuuliza, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Nilijifunza kula ugali mdogo na kusema nimeshiba. Na kutoka Buhare mpaka shuleni kwetu ni zaidi ya saa nzima kwa mguu, kwa hiyo nilikuwa nafika geti limefungwa, wachelewaji wamepiga magoti, wanang'oa majani. Mwalimu wa zamu alishaniandika mara tano. Akasema ya sita aje mzazi, au nitafute shule iliyo karibu na nilipolala.

Nilimwambia mama. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano, hakuinua kichwa. "Nikija huko, nani atashona?" Kisha akasema, "Jumamosi tunatafuta chumba. Tutatafuta mpaka miguu ikatike."

Miguu ilikaribia. Dalali alikuwa mwanaume wa makamo, anatembea haraka kama anafukuzwa, na alitaka hela ya kuonyesha kwanza, hata kabla hajatuonyesha mlango. Nyumba ya kwanza ilikuwa Kitaji. Mama mwenye nyumba alitoka na kanga kifuani, akatuangalia toka chini kwenda juu.

"Kazi?"

"Fundi cherehani," mama akajibu.

"Cherehani hapana. Inakula umeme."

"Hii ya miguu, dada."

"Hata ya miguu. Inatingisha ukuta."

Ya pili walitaka kodi ya miezi sita mkononi. Ya tatu ilikuwa nzuri, ina mpaka dari, lakini mwenye nyumba akauliza mume yuko wapi. Mama akasema yuko kazini. Dalali akacheka, "Kazi gani hiyo mama, haina hata likizo?" Mwenye nyumba akasema yeye anapangisha familia. Mama akanishika bega akanisogeza mbele kama mtu anayeonyesha kitambulisho. "Hii hapa familia." Nilitamani ardhi inifunike. Hatukupewa.

Ya sita ndiyo ya Nyakato. Chumba kimoja kikubwa, sakafu ya saruji haijapasuka, dirisha la nondo, na mbele yake kibaraza kinachoangalia njia ya watu. Mama alikiangalia kile kibaraza kwanza, chumba baadaye. Mwenye nyumba alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, dereva mstaafu wa serikali, ana goti moja bovu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda bila shati, anakunywa uji. Alikubali miezi mitatu. Alikubali cherehani. Akasema kasoro ni moja tu, choo ni hicho kimoja cha nje, wote tunatumia, hata yeye na mke wake, kwa sababu cha ndani hakijaisha. Kweli sinki lake lilikuwa sebuleni limefungwa kwenye gazeti na kamba, limekaa hapo miaka miwili linasubiri hela za kuchimba shimo.

"Choo ni choo tu, baba," mama alisema. "Shikamoo na asante."

Walishikana mikono. Naandika hilo kwa sababu hawakushikana tena.

Kutoka pale mpaka shuleni ni dakika kumi na mbili, nilihesabu. Usiku wa kwanza mama alilala bila kugeuka hata mara moja. Mimi niliamka saa kumi na mbili kamili, nikakaa kitandani sina la kufanya, maana hapakuwa na mahali pa kukimbilia. Sikuchelewa tena. Mwalimu wa zamu aliniona nimesimama mstarini akasema, "Wewe! Umemeza saa?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka.

Mama alikuwa amenionya jambo moja. "Watu wa hapa wanapenda kuulizana. Ukiulizwa kwenu wapi, sema Bunda, basi. Usianze mambo ya Butiama na nani kamzaa nani. Kwenye nyumba ya kupanga undugu ni mzigo." Nilidhani ananionya bure, mimi ambaye hata salamu inanitoka kwa shida.

Uani tulikuwa wapangaji wawili tu, sisi na mama mmoja anayepika chapati na kuuza sokoni. Yeye ni Mwislamu, wazazi wake walikuja Musoma na biashara toka huko mbali, na mdomo wake haulali. Mke wa mzee alikuwa mke wa pili, wa kwanza alifariki. Ni dada wa miaka thelathini hivi, mpole, na alinizoea haraka kuliko nilivyomzoea.

Jumamosi ya tatu alinikuta nafua sare, akaja na sinia la viazi vitamu, akakaa karibu yangu anavimenya. Alinisifia. Alisema mama amelea, binti hana makelele, anafua kola mpaka inang'aa. Sijui kama watu wanajua sifa inavyomfanya mtu asiyezoea kusifiwa. Nilikuwa kama nimelewa. Akaniuliza, "Ila Kiswahili chenu si cha Bunda Bunda. Kwenu hasa wapi?"

Nikasema Butiama.

"Butiama wapi?"

Nikamtajia kijiji. Akauliza bibi yangu mzaa mama ni wa ukoo gani, nikamtajia. Akauliza alizaliwa kwenye mji wa nani, nikamtajia na hilo, na nikaongeza mwenyewe bila kuulizwa kwamba bibi alikuwa na dada yake aliyeolewa ng'ambo ya mlima, wakawa hawaonani. Sijawahi kuongea maneno mengi hivyo kwa mtu mzima.

Kisu kikamtoka mkononi. "Wee! Huyo dada mtu ni bibi yangu mimi! Bibi yangu mzaa mama!" Akanikumbatia na mikono yenye maganda. "Kumbe mama yako ni mama yangu mdogo! Kumbe..."

Hapo akaziba mdomo. Akageuka kumwangalia mume wake.

Mzee alikuwa kwenye kigoda chake, bila shati, bakuli la uji mkononi. Kibarazani mama alikuwa amesimamisha cherehani. Walikuwa wameangaliana, kama hatua nane hivi. Sijawahi kuona mtu mwenye goti bovu anainuka kwa haraka vile. Alichukua uji wake akaingia ndani, akafunga mlango. Mama naye akageukia ukutani, akavuta kitenge akajifunika kichwa.

Mama chapati akatoka na mwiko. "Kuna nini? Kuna nyoka?"

"Si nyoka," mke wa mzee akasema, na alikuwa karibu kulia. "Mume wangu amekuwa anakaa na mama mkwe wake."

Kwetu sisi mkwe si mtu wa mchezo. Mwanaume hakutani uso kwa uso na mama wa mke wake, wala na mama zake wadogo, hampi mkono, hali chakula mbele yake, hamwangalii, haingii mahali alipotoka kuoga. Hata mama mkwe awe kijana na mkwewe awe mzee haibadiliki. Mama ana miaka thelathini na nane. Mzee angeweza kumzaa. Lakini kuanzia dakika ile alikuwa mtoto wake.

Mama chapati alicheka mpaka akakaa chini. "Sisi kwetu mkwe ni mzazi, unamwamkia, unamletea chapati, yameisha! Nyie watu wa Mara mna kazi." Kisha akauliza swali ambalo na mimi nilikuwa nalo. "Sasa wiki tatu nzima wamepishana hapa kila siku, mbingu ilianguka?"

"Tulikuwa hatujui," mama akamjibu akiwa bado ameangalia ukuta. "Asiyejua hana kosa. Sasa tunajua."

Jioni hakunichapa wala hakunigombeza. Alisema tu, "Nilikuambia sema Bunda." Bora angenichapa.

Maisha ya pale yakawa ya kukohoa. Mzee akitaka kutoka, anakohoa kwanza mlangoni, mara mbili, ili mama apate kugeuka au kuingia. Mama naye akitaka kwenda bafuni anakohoa. Mke wa mzee akawa anakohoa kwa ajili ya mume wake. Mama chapati anakohoa kwa utani tu, akiwa amebeba beseni, kisha anasema, "Mnisamehe jamani, mimi ni kifua kweli." Mtu angepita nje angedhani ni wodi.

Na mimi, ambaye sina maneno, nikafanywa mdomo wa nyumba. Kwa kuwa mke wake ni dada yangu, mzee ni shemeji yangu, na shemeji anaruhusiwa kuongea. Mzee mwenye mvi alikuwa ananiita dirishani.

"Shemeji!"

"Abee."

"Mwambie mkwe maji yanakatwa saa nne, akinge mapema."

Mama yuko hatua tano, amesikia kila kitu. Lakini lazima nimgeukie niseme, "Mama, shemeji anasema maji yanakatwa saa nne." Mama anasema, "Mwambie asante." Nageuka dirishani. "Anasema asante." Mzee anasema, "Haya." Hivyo hivyo kwa umeme, kwa takataka, kwa geti. Nilikuwa narudi shuleni nimechoka, na kabla sijavua viatu kuna ujumbe.

Tungeweza kuishi hivyo kwa muda, nilidhani. Lakini kila mtu alikuwa anaishiwa taratibu. Kibaraza ndiyo njia ya mzee kwenda nje, kwa hiyo mama akaingiza cherehani chumbani, kwenye giza. Alishona shati moja mifuko miwili upande mmoja, akaifumua, akakaa ameishika muda mrefu. Wateja waliokuwa wanamwona njiani wakawa hawamwoni. Mzee naye uji akawa ananywea chumbani. Na choo. Mzee hawezi kusimama nje kumsubiri mama mkwe atoke chooni, wala hawezi kuingia mama akimwona anaingia. Kwa hiyo asubuhi alikuwa anachukua kopo lake la maji, anatoka getini anachechemea, anaenda kuomba choo kwa jirani. Siku moja mvua ilikuwa inanyesha. Niko na begi, nimejifunika mfuko wa nailoni, nikamwona amesimama chini ya bati la jirani na kopo, anasubiri watoto wa watu watoke. Mtu mwenye choo chake. Alinisalimia yeye kwanza, "Shemeji, unaenda shule?" kama hakuna kitu. Nilitamani nipite njia nyingine.

Jumatatu ya wiki ya mitihani ya nusu muhula alinisubiri getini.

"Shemeji, nina neno kwa mkwe. Sikiliza vizuri." Alikuwa anaangalia chini, anachora kwa fimbo. "Mwambie simfukuzi. Mtu hamfukuzi mama yake. Neno kuhama usilitaje kabisa. Mwambie mwanao anasema nyumba imekuwa ndogo."

"Nyumba imekuwa ndogo," nikarudia.

"Hivyo tu. Yeye ataelewa. Na mwambie miezi iliyobaki namrudishia yote, sitabaki na hela ya mkwe."

Nilielewa na mimi. Nilisimama uani na begi mgongoni. Mama alikuwa ndani anakanyaga cherehani, nilisikia inavyokwenda, trrr, trrr. Nilifikiria Buhare, godoro nyuma ya kochi, mwalimu wa zamu na daftari lake. Nikaingia, nikamsalimia, nikakaa kusoma.

Sikumwambia. Wala Jumanne. Jumatano mzee aliniuliza kwa macho, nikaangalia pembeni. Alhamisi aliacha kuniuliza, nadhani alidhani mama amesikia na amekataa, na yeye hana namna ya kumwuliza. Kila asubuhi alitoka na kopo lake. Kila asubuhi nilikuwa shuleni dakika kumi kabla ya kengele, mtihani wa Jiografia nilijibu maswali yote, na sikujivunia.

Ijumaa nilipomaliza karatasi ya mwisho nilimkuta mama ameshakunja mapazia. Mashine ilikuwa imefunikwa na shuka.

"Umemaliza mitihani?"

"Nimemaliza."

"Basi. Nimepata chumba Buhare. Nilikiona wiki iliyopita nikipeleka sare, nikasema nisubiri umalize, nisikuchanganye." Alikuwa anafunga vijiko kwenye kitambaa. "Mkwe wangu ana goti. Siwezi kukaa kwenye nyumba ya mtu nimemnyima choo chake. Hiyo ni laana, hata kama hajasema."

Nikasema, "Alisema."

Sauti ilitoka ndogo. Alinigeukia. "Alisema nini?"

"Alisema nikuambie nyumba imekuwa ndogo."

"Lini?"

"Jumatatu."

Alihesabu kwa vidole, kweli, kwenye goti lake. "Siku tano. Siku tano mzee wa watu anaomba choo kwa majirani kwa sababu ya mdomo wako." Kisha akacheka kidogo, kicheko kibaya cha mtu aliyechoka. "Siku ya kunyamaza unaongea, siku ya kuongea unanyamaza. Sijui nikufanyeje."

Nililia. Yeye aliendelea kufunga vyombo. Baada ya muda akasema, "Na mimi nilinyamaza wiki nzima. Shika kamba huko."

Tulihama kesho yake, mchana. Mkokoteni ulikuja, cherehani ikalala chali juu ya godoro, miguu hewani. Mzee alikuwa nyuma ya kona ya nyumba. Mama alisimama getini, amempa mgongo. Mke wa mzee alikuwa analia wazi. Mimi nilikuwa katikati, upande huu naona fimbo inatokeza, upande huu naona kitenge cha mama.

"Shemeji," kona ikasema, "mwambie mkwe anisamehe."

"Mama, anasema umsamehe."

"Mwambie sina kinyongo. Mwambie Mungu amsaidie amalize choo."

"Anasema hana kinyongo, na..."

"Nimesikia," kona ikasema, halafu ikakumbuka. "Mwambie nimesikia."

Mama chapati alikuwa mlangoni na mwiko wake. Siku hiyo hakukohoa.

Huko Buhare mwenye nyumba ni mama mtu mzima, mjane, amevaa baibui, anaishi na mwanawe wa kiume, ana duka la mafuta ya taa na vitu vidogo vidogo. Alitaka kutuuliza maswali, lakini mama alimwahi. Alikuwa ameshika hela mkononi, ile ya Nyakato tuliyorudishiwa, hajaitoa.

"Kabla sijakupa, mama, naomba uniambie. Kwenu wapi? Bibi yako wa ukoo gani? Na huyu mwanao wa kiume ameoa wapi?"

Yule mama alishangaa. "Mimi? Mama yangu Mnyamwezi wa Tabora. Baba yangu hata kwao sikujui. Mwanangu hajaoa, amekataa. Kwani vipi?"

"Alhamdulillahi," mama akasema, sisi ambao ni Wakristo, na akatoa hela.

Chumba hiki ni kidogo. Bati halina dari, mchana unapika mwenyewe bila moto. Kibaraza kipo, ila njia haina watu wengi, mama anashona anaangalia mbuzi. Choo ni cha wote na hakuna anayekohoa. Yeye analala vizuri. Mimi naamka saa kumi na moja, natembea, nimeshachelewa mara mbili, na mwalimu wa zamu ameacha kutania.

Napita Nyakato kila siku, ndiyo njia. Mzee anakuwa kwenye kigoda chake, amerudi na uji wake nje. Chumba chetu amepanga kijana mmoja mwenye pikipiki. Mzee ananiona kabla sijamwona.

"Shemeji! Mkwe hajambo?"

"Hajambo."

"Mwambie namsalimia."

"Nitamwambia."

Na nikirudi jioni, hata kama miguu inauma, kabla sijakaa wala sijavua viatu, namwambia.